Kuinua Pikapu Kinondo: Kimo, Mzigo na Chumvi

Ukiiacha lami ya ile barabara itokayo Likoni hadi Lunga Lunga, ukakata upande wa bahari kuelekea Kinondo, pikapu yako hukanyaga ardhi tatu katika mwendo mfupi: murram iliyoshindiliwa, mchanga mweupe wa chini ya minazi, kisha mwamba wa tumbawe wenye meno. Ukikata upande wa bara kuelekea Muhaka na vilima vya Shimba, mambo hubadilika tena. Huko ni mchanga mwekundu wakati wa kiangazi, na utelezi masika yanaposhika. Kwa ardhi ya namna hii si ajabu kuona, kati ya Diani na Msambweni, Hilux na D-Max zilizosimama juu kuliko zilivyotoka kiwandani, shokamzoba za rangi kali zikichungulia nyuma ya magurudumu. Mwulize mwenye gari sababu, atakwambia: barabara.

Barabara ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni urembo, na sina ugomvi na urembo. Mtu ana haki ya kulipenda gari lake. Ugomvi wangu ni na imani kwamba kimo ndicho dawa ya kwanza. Kwa jinsi pikapu zinavyotumika Kinondo, kimo ni kitu cha kununua mwisho, baada ya tairi, shokamzoba na kamani. Na kinaponunuliwa huja na madeni ambayo mafundi wengi hawayataji mpaka mteja arudi akilalamika.

Kwanza tutenganishe kazi za vifaa, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kinachobeba uzito wa gari ni springi. Mbele, Hilux iliyozinduliwa mwaka 2015 ina springi za koili, na D-Max ni hivyo hivyo tangu toleo la pili lililoanza kutoka mwanzoni mwa muongo uliopita. D-Max za kabla ya hapo, pamoja na Isuzu nyingi za zamani ambazo bado zinafanya kazi vijijini, zina tosheni baa, yaani chuma kirefu kinachojisokota badala ya koili. Nyuma, karibu zote ni kamani. Land Cruiser 79, inayounganishwa Mombasa, ina koili mbele na kamani nyuma, ila ekseli yake ya mbele ni nzima kama ya nyuma.

Shokamzoba haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kupiga shimo. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Basi. Ukiambiwa kwamba shokamzoba fulani ni za kuinua gari, uliza springi zinafanywaje. Kwenye mbele ya Hilux kuna shokamzoba ambazo kikombe chake cha springi kinaweza kupandishwa, na hapo kweli kimo hubadilika, lakini bado kinachobeba ni springi iliyokaa juu ya kikombe hicho. Shokamzoba ndefu ni za lazima pale springi zilipopanda, kwa sababu ile fupi ya zamani itafika mwisho wa urefu wake kila gurudumu linaponing'inia, na siku moja itang'oa mahali ilipofungwa.

Halafu kuna difu. Gari lenye ekseli nzima nyuma, likiinuliwa kwa springi hata kwa mkono mzima, difu yake hubaki pale pale ilipokuwa, kwa kuwa ekseli inakaa kwenye magurudumu. Kinachopanda ni bodi na chesisi. Njia pekee ya kuipandisha difu ni kufunga tairi kubwa zaidi, na hata hapo unapata nusu tu ya kipenyo ulichoongeza. Jambo hili linahusu sana njia za mashamba ya miwa ya Ramisi, ambako trekta na malori huchimba mifuo miwili na kuacha mgongo katikati. Mgongo huo ndio unaogusa difu ya pikapu. Mtu aliyelipia springi za sentimita 5 atashangaa kwa nini bado anakwama mahali pale pale alipokuwa akikwama mwaka jana.

Mitindo hii ina asili yake. Kenya ni nchi ya Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na tangu 1989 tuna Rhino Charge, mashindano ya kuchangisha fedha ambayo magari yake hupita pasipo njia kabisa. Magari hayo huinuliwa, huongezewa vyuma, na hurudishwa nyumbani kwa mafundi wenye karakana kamili. Vifaa vyenyewe vingi ni vya Australia: Old Man Emu ya kampuni ya ARB, Ironman 4x4, Tough Dog. Waaustralia huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na Hilux na Land Cruiser zao ni ndugu wa zetu, kwa hiyo vifaa vyao huingia bila kukatwa wala kuchomelewa. Hapo wametusaidia.

Walichotuachia bila maelezo ni namna ya kuchagua. Vitabu vya bidhaa vya Waaustralia hupanga springi kwa uzito unaobebwa muda wote: bampa ya chuma mbele, winchi, betri ya pili, kibanda nyuma kilichojaa vyombo vya safari. Mtu wa kule huusafirisha uzito huo mwaka mzima. Pikapu ya Kinondo haiishi hivyo. Asubuhi inaondoka tupu. Saa nne imebeba mawe ya tumbawe kutoka machimbo ya Tiwi au Waa hadi jani la mwisho la kamani limelala. Jioni inarudi na barafu na samaki wa Gazi, au mafuko ya nazi, au watu. Mzigo wa kwetu huja na kuondoka. Springi iliyochaguliwa kwa kilo 500 za kudumu, ikifungwa kwenye gari linalotembea tupu nusu ya siku, huligeuza gari kuwa gumu kama ubao. Nyuma hurukaruka kwenye kona za murram na tairi huachana na ardhi. Dereva hudhani shokamzoba ni mbovu, hununua nyingine kali zaidi, na ugumu unaongezeka.

Kwa mzigo wa namna hiyo, muundo wa kiwandani una akili kuliko unavyosifiwa. Tazama kamani za nyuma za pikapu ya kawaida: chini ya majani ya juu kuna jani moja nene au mawili yaliyonyooka, ambayo hayaguswi gari likiwa tupu. Mzigo ukishuka ndipo huanza kubeba. Kwa mwenye pikapu ya kazi, marekebisho bora mara nyingi ni kurudisha kamani zilizochoka kwenye umbo lake kwa kununua mpya, au kuimarisha hayo majani ya chini tu, na kuyaacha ya juu yabaki laini. Gari halitapanda sana. Litaacha kuketi kwa nyuma kama mbwa, taa zake hazitaelekea juu ya minazi usiku, na usukani hautakuwa mwepesi kwa hatari.

Kuna kosa jingine la mzigo. Pikapu ya aina hii hubeba takriban tani moja, pamoja na abiria, na kiasi chenyewe hutofautiana kwa toleo. Kuongeza kamani hakuongezi kiasi hicho. Beringi, ekseli, breki, rimu na chesisi ni zile zile. Kamani ngumu zinaondoa tu ile dalili iliyokuwa ikimwonya mwenye gari, yaani kuona nyuma imelala. Mifuko ya hewa inayofungwa kati ya chesisi na ekseli ina hatari yake: uzito uliokuwa ukigawanywa kwenye ncha mbili za kamani hubanwa mahali pamoja, juu ya ekseli. Kwenye dabo kebini iliyobeba vitu vizito nyuma ya magurudumu, chesisi imewahi kupinda na hata kukatika nyuma ya kebini. Waaustralia wenyewe wanalijua tatizo hilo vizuri.

Sasa ardhi. Mchanga kwanza, kwa sababu ndio unaowakwamisha wengi kati ya Galu na Chale. Kwenye mchanga kimo kinasaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni presha ya tairi. Tairi lenye presha 35 huchimba. Ukilishusha hadi 18 au karibu yake, linalala, linakuwa refu chini, na gari tupu hupita juu ya mchanga ule ule uliokuwa ukilimeza. Kazi hiyo inataka kipimo cha presha na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, vitu viwili vya bei ndogo mno ukilinganisha na seti ya springi. Masharti ni kwenda taratibu na kujaza upepo tena kabla ya kufika lami. Laiti mafundi wangeanza mazungumzo yao na wateja hapa, wangepoteza biashara kidogo na kupata heshima nyingi. Na kwa kuwa tumetaja mchanga: ufuoni kwenyewe usiingie na gari hata likiwa limeinuliwa kiasi gani. Kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na viota havionekani kutoka nyuma ya usukani.

Mwamba wa tumbawe ni habari nyingine. Ni mwamba ule ule unaobeba msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya makaya ya Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Umejaa mashimo na ncha, na ni adui wa ubavu wa tairi. Hapa kimo cha wastani kina faida kwa bampa na kwa vyuma vya chini ya injini, lakini tairi lenye ubavu mnene lina faida kubwa zaidi. Ukishusha presha sana kama kwenye mchanga, utakata tairi. Kwa hiyo mtu anayepita mchanga na tumbawe katika njia moja hana budi kuchagua presha ya katikati na kutulia.

Upande wa bara wakati wa masika, kuanzia Aprili hadi Juni, ndipo kimo kinapojitetea. Njia za kuelekea Muhaka, Mivumoni na Kikoneni huwa na madimbwi na makorongo yaliyokatwa na maji, na gari huhitaji pembe: mbele lisigonge likishuka, nyuma lisikwaruze likipanda, tumbo lisilalie ukingo. Sentimita 4 au 5 zinabadilisha pembe hizo kwa kiasi cha kuonekana. Mkaguzi wa mashamba, afisa wa mifugo, mnunuzi wa korosho anayeingia huko kila wiki, huyo ana sababu. Anayeingia huko mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya arusi na matanga, ana sababu ya kuazima gari la jamaa yake.

Tuseme basi umeamua. Swali la pili ni kiasi gani, na hapa jibu ni jembamba. Kwenye pikapu yenye mbele ya kujitegemea, yaani kila gurudumu na mkono wake, mpaka wa busara ni kama sentimita 4 hadi 5. Majimbo kadhaa ya Australia, yenye magari mengi ya aina hii na sheria zilizoandikwa kwa kina, huruhusu springi kuinua gari kwa kama milimita 50 bila cheti cha mhandisi. Kipimo hicho kinaendana na maumbile ya gari lenyewe. Kadiri bodi inavyopanda, ekseli fupi za mbele huinama zaidi kutoka kwenye difu kwenda magurudumuni. Jointi za sivi hufanya kazi zikiwa zimekunjwa muda wote. Raba inayozifunika hukunjika na kujisugua, kisha hupasuka. Mahali pengine hilo ni jambo la kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Kinondo, grisi ikishatoka na mchanga ukaingia, jointi haikawii kuanza kulia, na spea yake si rahisi.

Mikono ya mbele nayo hubadilisha mkao. Gari likipanda, magurudumu huegemea nje juu, na ule mlalo unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona hupungua. Dalili zake dereva hazikosi: gari linatangatanga kwenye lami ya Ukunda hadi Msambweni, na tairi za mbele zinaliwa ukingo wa nje. Alaimenti ni lazima siku ile ile ya kufungwa, na wakati mwingine boliti za kurekebisha hufika mwisho bila vipimo kurudi. Hapo unahitaji mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Land Cruiser 79 haina shida ya sivi kwa namna hiyo, lakini nayo hupoteza mlalo wa usukani na ekseli yake ya mbele husogea pembeni kidogo, kwa sababu chuma kinachoishika upande mmoja hubadilisha pembe. Bushi maalumu na chuma cha kurekebishika hutibu yote mawili.

Deni kubwa kuliko yote, na lisilotajwa na karibu mtu yeyote, ni la breki. Pikapu nyingi, hasa zile zisizo na mfumo wa kisasa wa kielektroniki wa kugawa nguvu ya breki, zina vali juu ya ekseli ya nyuma inayopima mzigo. Kijiti huunganisha ekseli na vali iliyo kwenye chesisi. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, kijiti kimeshuka, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Likipakiwa, chesisi hushuka, vali hufunguka, na breki za nyuma hupata nguvu kamili. Sasa inua gari sentimita 5. Vali inaona chesisi iko juu, inaamini kwamba gari ni tupu daima. Umebeba mawe ya tani moja, unateremka kutoka Kwale kuelekea Matuga, na breki za nyuma zinafanya kazi kana kwamba nyuma hakuna kitu. Za mbele hubeba kila kitu, hupata moto, na umbali wa kusimama huongezeka. Kamani ngumu peke yake, bila kuinua, huleta kosa hilo hilo kwa kiasi kidogo, kwa kuwa gari lililopakiwa halishuki kama lilivyotarajiwa. Tiba ni kibati kidogo kinachopandisha kituo cha kijiti kwa kiasi kile kile gari lilichopanda. Ni kazi ya muda mfupi. Kumkosesha mteja kibati hicho ni uzembe usio na udhuru.

Taa ni rahisi zaidi: zishushwe. Barabara ya Lunga Lunga haina taa kwa sehemu kubwa, imejaa baiskeli na watoto wa madrasa jioni, na gari lililoinuliwa bila kurekebishwa taa humpofusha kila anayekuja.

Kuhusu mafundi wa mtaani, nina imani nao kuliko wanavyodhaniwa na wenye magari wa Nairobi. Fundi wa Ukunda ameshika gari la kila namna, na mara nyingi hujua kuliko kijana mwenye kompyuta. Lakini kuna njia nne za mkato ambazo ningewaomba waziache. Ya kwanza ni kukaza tosheni baa. Unazungusha boliti moja, gari linapanda hapo hapo, na mteja anafurahi. Ugumu wa chuma haujabadilika. Umetumia tu nafasi ya gurudumu kushuka, kwa hiyo mkono wa juu unagonga raba ya stopa kila mara na safari inakuwa ya kuvunja mgongo. Ya pili ni vipande vya chuma au nailoni vilivyochongwa kwenye leti na kuwekwa juu ya shokamzoba ya mbele. Kipande cha sentimita 2 juu ya shokamzoba kinaweza kuinua gurudumu karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu shokamzoba imefungwa katikati ya mkono na haiko kwenye ncha yake. Wengi hukata sentimita 5 wakitegemea sentimita 5, na jointi za sivi hufika kikomo. Ya tatu ni kupasha kamani moto ili kuzipinda upya. Chuma cha kamani kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa mkaa usiopimwa huuondoa, na kamani itakaa umbo zuri kwa muda tu. Kuna mafundi wanaozipiga nyundo zikiwa baridi, jani kwa jani, na hao wanajua kazi yao. Ya nne ni kurudisha yubolti za zamani. Yubolti iliyokazwa ikavutika haikazi tena ilivyopaswa. Ikilegea, senta bolti hubeba nguvu isiyo yake na kukatika, na ekseli huhama mahali pake barabarani.

Kuna jambo dogo linaloharibu kazi nzuri mara nyingi: bushi za mikono na za kamani hukazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Gari likishushwa, raba zinakuwa zimesokotwa tangu siku ya kwanza, na hupasuka mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Turudi kwenye shokamzoba, maana huko ndiko ningepeleka pesa mara tu baada ya tairi kama gari lingekuwa langu. Barabara za murram zenye mawimbi madogo yaliyopangana kama mabati, kama zile za ndani ya Kinango, huzitesa kuliko mashimo makubwa. Pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, oili hupata moto, hewa hujichanganya ndani yake ikawa povu, na povu halizuii kitu. Dereva anahisi gari linaelea nyuma, hasa kwenye kona. Ndiyo sababu ya gesi ya naitrojeni: inaiweka oili chini ya shinikizo ili mapovu yasizaliwe. Wazo hilo la Mfaransa Christian Bourcier de Carbon lilichukuliwa na Bilstein ya Ujerumani, na Mercedes-Benz ikaanza kuzifunga mwaka 1957. Zile za bomba moja, ambamo pistoni hukimbia moja kwa moja kwenye bomba la nje, hupoa vizuri zaidi. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni hukwama. Za mabomba mawili hustahimili jiwe, kwa kuwa bomba la ndani limekingwa. Kwa njia za tumbawe na mawe yanayoruka, ningechagua mabomba mawili yenye gesi, bomba nene, pistoni kubwa, na kuacha majina makubwa ya mashindano kwa wenye mashindano. KYB na Monroe za ubora wa kawaida, zikiwa halisi, zinatosha magari mengi ya hapa.

Zikiwa halisi. Feki zimejaa, na zile za rangi nzuri ndizo zinazoigwa sana. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na dhamana. Kuokoa kidogo kwenye duka lisilo na jina kunaweza kukugharimu seti nzima kabla masika mengine hayajafika.

Adui wa kudumu wa Kinondo, hata hivyo, ni chumvi. Upepo wa kusi huileta mpaka uani. Fimbo ya shokamzoba imepakwa kromu. Kromu ikipata vidoa vya kutu, kila fimbo inapoingia vidoa hivyo hukwangua sili, na oili huanza kuchuruzika. Anayeshusha samaki Gazi karibu na mikoko, mahali maji ya bahari hufika bamvua likijaa, anapaswa kuosha chini ya gari kila mara. Na maji ya kuoshea yawe matamu. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na kuosha kwayo ni kuongeza tatizo. Desturi ya kunyunyizia oili chafu chini ya chesisi inazuia kutu kweli, lakini oili hiyo huyeyusha raba za bushi na kudondoka ardhini juu ya maji ambayo jirani anachota. Nta maalumu ya chesisi ni ghali zaidi na inafaa zaidi.

Kuhusu kupinduka, hesabu yenyewe ni fupi. Chukua pikapu yenye sentimita 150 kati ya tairi na tairi, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 70 kutoka chini. Nusu ya upana ukiigawa kwa kimo hicho unapata kama 1.07. Inua bodi sentimita 5, unabaki na karibu 1.0. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba Hilux ya kawaida, isiyoinuliwa, ilishindwa jaribio la kukwepa kikwazo ghafla lililofanywa na jarida la Uswidi la Teknikens Värld mwaka 2007, na toleo jipya nalo likashindwa mwaka 2016, likisimama kwa magurudumu mawili na kuponea chupuchupu kupinduka. Watu wakikaa juu ya mzigo nyuma, kitovu hupanda tena kuliko springi zozote zinavyoweza kukipandisha. Sheria inakataza kubeba abiria hivyo, na kwenye matanga na mechi bado tunawaona.

Sheria haina mengi ya kusema juu ya springi zenyewe. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, sura ya 403, kinataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara, na NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayokagua. Jambo la kuangalia zaidi ni bima. Kampuni inapaswa kuambiwa kuhusu mabadiliko makubwa ya gari. Ukinyamaza, umeipa sababu ya kubishana siku ya ajali. Andika barua, weka nakala.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye karatasi ya fundi. Sentimita 5 za ziada ni sentimita 5 ambazo mpagazi anapandisha kila fuko la nazi, na ambazo mama mwenye buibui na mtoto mgongoni anapaswa kuzipanda kuingia kebini. Pikapu ya kazi hupakiwa na kupakuliwa mara nyingi kwa siku. Nimeona mafundi wakizungumzia pembe za mbele na nyuma kwa saa nzima bila kuwauliza wapagazi chochote.

Kwa hiyo, ukiwa na pikapu Kinondo na pesa mfukoni, anza na tairi nzuri, kipimo cha presha na pampu. Fuata na shokamzoba halisi. Halafu kamani zinazolingana na mzigo unaoubeba siku nyingi, si ule wa siku moja ya mwaka. Kama baada ya hayo bado unakwama masika, inua, usivuke sentimita 5, na usitoke gereji kabla yubolti mpya hazijafungwa, alaimenti haijafanywa, taa hazijashushwa na kijiti cha vali ya breki hakijapandishwa. Baada ya kilomita 500 rudi, kila nati ikazwe upya.